Udhuru wa Aliyeshindwa

Mpiganaji akishindwa, neno lake la kwanza aghalabu si sifa kwa aliyemshinda, bali ni udhuru: sikujiandaa vyema. Husemwa kwa sauti ya kukiri kosa, lakini ndani yake mna dai kubwa, kwamba aliyeangushwa ulingoni hakuwa yeye hasa. Yatupasa kulipima neno hili kabla ya kulipokea, kwani likikubaliwa ovyo humdhulumu mshindi, na likikataliwa ovyo huipotosha historia. (Nasi washairi tusicheke sana. Ni nani kati yetu aliyezidiwa katika malumbano asiseme kwamba siku ile kifua kilimbana?)

Chukua pambano la Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, alfajiri ya 30 Oktoba 1974. George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa na umri wa miaka 25. Alikwisha kushinda mapambano 40 bila kushindwa, na katika hayo 37 hayakufika mwisho. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi walimhofia maisha yake. Raundi ya nane, zikisalia sekunde mbili tu, mwamuzi Zack Clayton akamaliza kuhesabu na Foreman akawa si bingwa tena.

Udhuru ukafuata. Kamba za ulingo zililegezwa makusudi ili Ali apate kuegemea nyuma. Mwamuzi alihesabu haraka. Maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa. Hili alilirudia hata katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1995.

La kamba halisimami. Angelo Dundee, mkufunzi wa Ali, alieleza kwamba yeye alihangaika kuzikaza, si kuzilegeza. Na raundi baada ya raundi watu wa kona ya Ali walimpigia kelele atoke kwenye kamba. Watu waliotega mtego hawamsihi mwenzao autoke. La hesabu laweza kubishaniwa mpaka kesho mbele ya filamu, lakini kabla ya kuanguka bingwa alikuwa hoi, na waamuzi wote watatu walikwisha kumweka Ali mbele kwa pointi. La maji halina shahidi.

Lakini kuna jambo moja lililotokea mbele za watu, kabla hajajulikana mshindi. Pambano lilipangwa kufanyika 25 Septemba. Siku chache kabla yake, Foreman alipasuliwa juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa kwa majuma matano. Bondia mwenye jeraha bichi usoni hawezi kupigana mazoezini kama apendavyo. Huu ni udhuru wenye miguu, nami naukubali, ila kwa kiasi chake: Ali naye alingoja majuma yaleyale, katika joto lilelile.

Ukosefu mkubwa wa maandalizi, kwa maoni yangu, ulikuwa kwingine, tena ulitokana na ushindi wenyewe. Mapambano matatu ya ubingwa yaliyotangulia, dhidi ya Joe Frazier, José Roman na Ken Norton, hayakumfikisha Foreman raundi ya tatu. Yote matatu kwa jumla hayakutimiza raundi tano. Alijiandaa kwa mtu atakayeanguka upesi. Alipomkuta anayestahimili, alirusha ngumi mpaka mikono ikamwisha nguvu. Hapo basi ni kweli kwamba hakujiandaa. Lakini aliyeudhihirisha upungufu huo ni Ali, na kuudhihirisha ndiko kumshinda.

Ali mwenyewe alikuja kuuhitaji udhuru huu. Februari 1978 alishindwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Ikasemwa kwamba mkongwe alifanya mazoezi kidogo mno. Septemba mwaka uleule, huko New Orleans, alimshinda Spinks waziwazi kwa pointi. Wengi huona kuwa marudiano yalithibitisha udhuru. Mimi naona yalithibitisha nusu yake: mizani ilionyesha tofauti ya kilo moja na nusu hivi tu kati ya Ali wa Februari na Ali wa Septemba, na safari hii aliyesemwa kuwa alistarehe badala ya kufanya mazoezi ni Spinks.

Foreman hakupata marudiano na Ali. Miaka ilivyopita aliziacha habari za kamba na maji, akawa rafiki wa Ali, akasema wazi kwamba alishindwa kwa haki. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alipambana na bingwa Michael Moorer huko Las Vegas. Alipigwa raundi tisa, akiwa nyuma kwa pointi, bila kuharakisha mkono wake; katika ya kumi akamwangusha. Kaptula aliyovaa ni ileile ya Kinshasa.