Turbo, oktani na bomba la Sultan Hamud

Leo naweka programu pembeni kidogo, ingawa mkisoma mpaka chini mtaona hatukwenda mbali. Kila mwezi kuna anayeniuliza: nimenunua Subaru ya turbo kutoka Japani, nianze kubadilisha nini? Nami humjibu kwa swali: unaweka mafuta gani? Historia ya jibu hilo inapita hapa hapa Sultan Hamud.

Na inapita kweli kweli, chini ya ardhi. Mji huu ulipewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa. Mwaka 1978 likaja bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450 hivi, na kituo kimojawapo cha kusukuma mafuta kiko hapa. Petroli nyingi ya Nairobi imeanza kupita miguuni mwetu.

Turbo yenyewe ni ya kale. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, feni inashindilia hewa zaidi kwenye silinda. Magari madogo ya kuuzwa madukani yalisubiri mpaka 1962, huko Marekani, na papo hapo mafuta yakawa kikwazo. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na petroli yenye oktani ndogo hulipuka yenyewe kabla ya wakati. Mafundi wetu husema injini inagonga. Ikigonga sana, pistoni inatoboka. Oldsmobile Jetfire ilikuja na tangi la pili lenye maji na methanoli ya kupoza mchanganyiko. Wenye magari wakawa hawalijazi. Kufikia 1963 mradi ulikuwa umekwisha.

Huku kwetu turbo ilijengewa heshima na Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun zisizo na turbo. Halafu Björn Waldegård akaja na Toyota Celica Twin Cam Turbo akashinda 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Baadaye zikafuata Lancia, Subaru na Mitsubishi, na vijana wa Ukambani tukakua tukijua sauti ya turbo kabla ya kujua kazi yake. (Patrick Njiru na kile ki-Subaru Vivio cha 1993, injini ya cc 660, anastahili makala yake.)

Sasa hesabu, maana blogu hii haikosi hesabu. Mgandamizo wa hewa Nairobi ni kama asilimia 83 ya ule wa Mombasa. Gari lisilo na turbo linabaki na nguvu kwa kiwango kama hicho. Turbo hufidia, lakini si bure: kufikisha bar 1.9 silindani, Mombasa inazidisha hewa mara 1.9, Nairobi mara 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka na joto zaidi. Kwa hiyo ukipanda kutoka pwani, oktani unaihitaji.

Na oktani ndiyo tuliyopungukiwa. Gari la turbo la Japani limepangwa kwa petroli ya juu ya huko, karibu 100. Petroli yetu ya premium ilikuwa 93. Mpaka mwisho wa 2005 ilikuwa bado na risasi, ambayo huongeza oktani lakini huua kihisio cha oksijeni. Risasi ikaondoka, wachanganyaji wa mafuta ya taa wakabaki. Mafuta ya taa hushusha oktani vibaya sana. Mwaka 2018 serikali iliyatoza shilingi 18 zaidi kwa lita ili biashara hiyo isilipe.

Kilichookoa injini nyingi ni programu. Mwaka 1982 Saab ilileta mfumo wa APC: kihisio kinasikiliza injini, kikisikia kugonga, kompyuta inapunguza presha ya turbo. Sisi tunaoandika programu tunaujua mtindo huo: shika kosa, punguza mwendo, usife. Kompyuta ya Subaru nayo huchelewesha cheche na kukumbuka kwamba mafuta ni mabaya. Kwa RomRaider, programu huria, unaweza kuisoma kumbukumbu hiyo kwa laptop.

Kwa hiyo achana na valvu ya kupiga kelele na usiguse presha. Anza na plagi mpya, mipira ya hewa isiyovuja, oili safi, rejeta nzima. Eksozi kubwa bila kupanga upya kompyuta mimi siikubali, maana presha inaweza kupanda bila wewe kujua. Weka petroli ya oktani 95 tangi mbili kutoka kituo unachokiamini, kisha panda mlima wa Salama mchana wa jua kali, mwenzako akisoma laptop. Kompyuta ikiwa bado inachelewesha cheche, pesa za turbo kubwa ziweke kwanza.