Ngeli za Mifupa: Jinsi Mnyama wa Moroto Alivyopata Jina Lake

Mwalimu yeyote wa Kiswahili amekwisha kukutana na mwanafunzi aandikaye "kifaru kimelala". Mwanafunzi huyo ametazama mwanzo wa neno, akaona ki-, akaliweka neno pamoja na kiti na kisu. Nasi humwonyesha upatanisho: kifaru amelala, kifaru yule, kifaru mkubwa. Ngeli haijulikani kwa umbo la neno peke yake, bali kwa jinsi neno hilo linavyopatana na wenzake katika sentensi.

Wataalamu wa viumbe vya kale nao wana ngeli zao, waziitazo jenasi na spishi, na shida yao ni hiyohiyo. Pomboo ana umbo la samaki, lakini huvuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha watoto wake, hivyo yumo katika kundi moja na ng'ombe. Kwa pomboo aliye hai jambo hilo ni jepesi kulithibitisha. Je, ikiwa mnyama alikwisha kutoweka, na kilichobaki ni vipande vya mifupa iliyogeuka mawe, yaani visukuku?

Sisi tulioko Naguru hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Chini ya kilima chetu, katika Barabara ya Kira, lipo Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia mahali hapo mwaka 1954. Alama ya jumba hilo ndiyo iliyoandikwa juu ya visukuku vya mnyama wa jamii ya sokwe, vilivyookotwa Moroto, katika nchi ya Karamoja.

Mwaka 1963 David Allbrook, mtaalamu wa anatomia wa Makerere, na mwanajiolojia William Bishop walitangaza habari za visukuku hivyo. Kilichowavutia watu zaidi kilikuwa kaakaa pamoja na meno yake. Meno yalikuwa makubwa, yakifanana na ya mnyama aliyekwisha kujulikana kutoka Kenya. Jenasi ya mnyama huyo, Proconsul, ilipewa jina mwaka 1933, na spishi yake kubwa, Proconsul major, mwaka 1950. Basi mnyama wa Moroto akatiwa humo. David Pilbeam, katika uchunguzi wake wa mwaka 1969, aliikubali ngeli hiyo.

Hata hivyo, palikuwa na mfupa mmoja uliokataa kupatana. Mwaka 1968 Alan Walker na Michael Rose walieleza habari za pingili ya uti wa mgongo, ya sehemu ya kiunoni, iliyotoka Moroto. Katika kima, vichomozo vya pembeni vya pingili huota upande wa mbele, na mgongo hupindika kwa wepesi mnyama anapokimbia juu ya matawi kwa miguu minne. Katika sokwe na binadamu huota nyuma zaidi, na mgongo huwa mkavu, wa kiumbe awezaye kusimama wima na kuning'inia. Pingili ya Moroto ilikuwa ya namna hii ya pili, ilhali mgongo wa Proconsul ulifanana na ule wa kima. Meno yalisema hivi, mgongo ukasema vile.

Watafiti walirudi Moroto katika miaka ya 1990, wakapata vipande vya mifupa ya paja na cha bega. Mwaka 1997 Daniel Gebo, Laura MacLatchy, Robert Kityo wa Makerere na wenzao walitangaza jenasi mpya: Morotopithecus bishopi. Sehemu ya kwanza ni jina la Moroto lililounganishwa na neno la Kiyunani la sokwe. Ya pili humheshimu Bishop, aliyefariki mwaka 1977. Miongoni mwa waliotia sahihi tangazo hilo alikuwamo David Pilbeam yuleyule. Ngeli aliyoikubali mwaka 1969, yeye mwenyewe alisaidia kuibadilisha.

Mjadala haukuishia hapo. Wapo waonao kwamba mnyama huyu hatofautiani na Afropithecus wa Turkana, aliyepewa jina mwaka 1986. Sheria ya wataalamu husema kwamba majina mawili yakithibitika kuwa ya kitu kimoja, lililotangulia ndilo lishikalo. Hivyo jina la Moroto lingefutika. Hata Proconsul major ana ugomvi wake: mwaka 2000 Brigitte Senut, Martin Pickford na wenzao walimpa jenasi mpya, Ugandapithecus, lakini wengine wangali wakimwita kwa jina la zamani.

Msomaji asidhani kwamba huku ni kugombania maneno matupu. Utafiti uliochapwa mwaka 2023 ulikadiria visukuku vya Moroto kuwa na umri wa miaka milioni 21 hivi, ukaonyesha kwamba mnyama huyu alikula majani, katika nchi yenye miti iliyoachana na nyasi kati yake. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mgongo wa kusimama wima ulianza katika msitu mnene, kwa wanyama waliotafuta matunda kwenye ncha za matawi. Kama mfupa ule wa kiunoni ungeachwa chini ya jina la kuazima, swali hilo lisingeulizwa vizuri.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wafundishapo ngeli wawasimulie wanafunzi habari hii. Mwanafunzi aliyeandika "kifaru kimelala" alianza na dalili iliyo wazi, kama walivyoanza wataalamu na meno ya Moroto. Linalobaki ni kumzoeza kuuliza swali la pili: je, maneno mengine yote yanakubali?