Swali Lisilo na Salamu: Historia Fupi ya Utanzu wa Swali miongoni mwa Waandaaji wa Programu za Kompyuta

Anayesoma maswali katika tovuti ya Stack Overflow hukutana na jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita bila kulitazama: hakuna salamu. Muulizaji habishi hodi, wala hatoi shukrani. Ni rahisi kuliita jambo hili utovu wa adabu. Makala haya yanadai kwamba chanzo chake ni mabadiliko ya utanzu: swali liliacha kuwa barua, likawa sehemu ya kitabu cha marejeo.

Mtandao wa Usenet, uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ulikuwa bado ulimwengu wa barua. Wenyeji walipochoka kujibu maswali yaleyale, walikusanya majibu katika hati moja iliyotumwa mara kwa mara kwa ajili ya wageni. Hivyo, agizo la kusoma kabla ya kuuliza lina umri mkubwa kuliko tovuti zinazolaumiwa leo. Hata Eric Raymond, ambaye mwongozo wake wa mwaka 2001 kuhusu namna ya kuuliza ni mkali kwelikweli, alihimiza “tafadhali” na “asante”, na alimtaka muulizaji arudi kueleza tatizo lilivyotatuliwa.

Jeff Atwood na Joel Spolsky walipofungua Stack Overflow mwaka 2008, msomaji aliyelengwa alibadilika. Swali liliandikwa pia kwa ajili ya mtu asiyejulikana atakayelifikia miaka kadhaa baadaye kwa njia ya utafutaji. Kwa huyo, salamu ni kizuizi. Ndiyo maana wahariri wa kujitolea huzifuta, shukrani hutolewa kwa kura, na swali lililokwisha kuulizwa hufungwa na kuelekezwa kwa lililotangulia. Muulizaji anayedhani bado anaandika barua hujiona amefukuzwa mlangoni.

Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba wengi, hasa wageni na wanawake, waliiona tovuti hiyo kuwa mahali pasipo ukarimu. Kanuni mpya za mwenendo zilizofuata zilikemea ukali wa maneno. Utanzu wenyewe haukuguswa.

Katika desturi ya barua za Kiswahili, haja huja “baada ya salamu”. Mijadala yetu kuhusu kompyuta imejishughulisha mno na istilahi, kana kwamba msamiati pekee ndio unaokosekana. Stack Overflow ina matawi ya Kireno, Kirusi, Kihispania na Kijapani. Atakayeanzisha jukwaa la namna hiyo kwa Kiswahili atalazimika kuamua mapema iwapo salamu zitafutwa.