Kutoka Ipogolo hadi Uyole: Njia ya Kuchagua Kimoja Kwenye Orodha

Ukiteremka kutoka Iringa mjini unafika Ipogolo, inapopita barabara kuu iendayo Zambia. Hapo ndipo nilipopandia basi la Mbeya, kompyuta mpakato mapajani. Humo nilikuwa nimeandika ukurasa wenye orodha mbili za vituo. Ya kwanza ina Ipogolo, Ifunda, Mafinga na Nyololo. Ya pili ina Igawa, Chimala, Igurusi na Uyole. Nilitaka kuifuata upya njia iliyotuwezesha kukiagiza kivinjari: ipake rangi Igurusi peke yake, vingine viache vilivyo.

Konda wetu analijua jambo hilo siku nyingi. Tulipokaribia Mafinga alipaza sauti, "Wa Mafinga, jiandaeni!" Wenye safari yao wakaanza kushusha mizigo, wengine wakaendelea kusinzia. Baadaye akamgeukia mmoja: "Mama wa siti ya tatu, nauli." Mara ya kwanza alichagua kwa kundi, mara ya pili kwa nafasi. Kuifundisha mashine njia hizo mbili kulichukua miaka.

Orodha zenyewe zilikuwamo katika HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, tangu Tim Berners-Lee alipoianzisha huko CERN, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya kuvisha kurasa rangi na maumbo, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996. Katikati ya hapo, Mei 1995, Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliunda JavaScript, lugha ya kuzipa kurasa hizo amri, kwa siku kumi. Zana zikawa zimekamilika, ila kila kivinjari kilizielewa kwa namna yake. Internet Explorer 6 haikuweza hata kutambua kwa CSS kitu cha kwanza kwenye orodha.

Kabla ya Makambako nilikumbuka madereva wa zamani wa barabara hii. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia, yaliyokuwa yakipitia kwao, yalianza kupitishwa huku kwa malori, kwenye vumbi na matope, kabla ya lami kufika. Hawakusubiri njia inyooke.

John Resig naye hakusubiri vivinjari vipatane. Januari 2006, huko New York, alitoa jQuery, maktaba ya JavaScript iliyowapa waandishi wa kurasa vichaguzi vya CSS, yaani maneno ya kuteua sehemu za ukurasa, hata kwenye kivinjari kisichovijua. Wengine walikwisha kupita hapo: Simon Willison alikuwa ameandika kichaguzi cha namna hiyo mwaka 2003. Resig aliipanua njia hiyo. Andika $("li") na unashika vituo vyote, kwa kuwa kila kimoja kimeandikwa ndani ya alama ya li. Ongeza addClass na unavivika vazi ulilolishona kwenye CSS.

Baada ya Igawa nikajaribu. li:eq(2) ilipaka Mafinga peke yake. li:nth-child(3) ilipaka Mafinga na Igurusi pamoja. Sababu ni kwamba eq huhesabu vyote vilivyopatikana ukurasani, tena ikianzia sifuri, kwa hiyo 2 ni kituo cha tatu. nth-child huanzia moja, na huhesabu upya ndani ya kila orodha. Ndiyo maana li:even ya jQuery, iitwayo ya shufwa, hupaka Ipogolo, Mafinga, Igawa na Igurusi, yaani cha kwanza na cha tatu katika kila orodha, ilhali nth-child(even) hupaka cha pili na cha nne. Niliwahi kupoteza usiku mzima kwa kutoijua tofauti hii, na sitaki kijana mwingine aupoteze.

Lami ilifika baadaye. Kati ya 2008 na 2009 vivinjari vikubwa vilianza kuwa na querySelectorAll, inayochagua kwa vichaguzi vya CSS bila maktaba yoyote. Mwaka 2019 jQuery yenyewe iliwashauri watu waache kichaguzi cha :eq, watumie .eq() badala yake. Leo ukurasa mpya wa orodha hauhitaji kubeba jQuery, na anayelipia bando anaelewa thamani ya kila kilobaiti. Lakini kurasa zilizoandikwa enzi zile bado ziko kazini, na atakayeitwa kuzitengeneza lazima ajue sifuri ilianzia wapi.

Ndiyo sababu vijana nitakaowafundisha Mbeya nitawapa kwanza orodha hizi mbili, kabla ya kuwaandikia amri yoyote ubaoni. Nitawaambia wapake Igurusi peke yake. Wa kwanza atahesabu vituo na kukuta Igurusi ni cha saba. Amri ya li:eq(6) itamtosha hadi siku nitakapoongeza Makambako mwishoni mwa orodha ya kwanza, na rangi ihamie Chimala. Hapo wataelewa kwa nini konda, katika barabara ambayo abiria hupanda na kushuka njia nzima, huita watu kwa waendako. Kituo kipewe jina la kundi lake (class), na rangi haitakipotea.

"Wa Uyole!" akaita. Nikafunga kompyuta, nikasimama.