Adhabu za Kiislamu: Nani mwenye mamlaka ya kuzitekeleza Arua na Koboko?

Mwizi anapokamatwa sokoni Arua, au watu wawili wanaposhukiwa kuzini kijijini Koboko, huenda mtu akasema: hukumu ya Mwenyezi Mungu inajulikana, basi na itekelezwe papo hapo. Kauli hiyo inapingana na sheria za Uganda, na inapingana pia na fiqhi ya Kiislamu yenyewe.

Fiqhi yasemaje?

Adhabu katika sharia zimegawanyika mafungu matatu. Hudud ni zile zilizowekwa na Kurani au Sunna, kama ya wizi na ya zinaa. Kisasi huhusu mauaji na majeraha, na warithi wa aliyeuawa wana haki ya kusamehe au kupokea dia. Taazir ni zile zinazokadiriwa na hakimu.

Wanazuoni wengi wanakubaliana kuwa hudud hutekelezwa na mtawala au naibu wake. Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, aliihesabu kazi hiyo miongoni mwa wajibu wa kiongozi wa dola. Sababu ni ushahidi. Zinaa huthibitishwa kwa mashahidi wanne walioona kwa macho yao, au kwa mkosaji kukiri mwenyewe, na palipo na shaka adhabu huondoka. Kundi lenye ghadhabu haliwezi kupima hayo. Hata kisasi hakihalalishi jamaa wa marehemu kuua bila hukumu.

Sheria ya Uganda

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 126, inakabidhi mamlaka ya kuhukumu kwa mahakama zilizoundwa kisheria. Ibara ya 129 inataja mahakama za kadhi, lakini kwa mambo manne tu: ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kwa utaratibu utakaowekwa na Bunge. Jinai haimo.

Ibara ya 24 inakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa adhabu ya viboko inakiuka Katiba, na mwaka 2007 ikabatilisha kifungu kilichofanya uzinzi kuwa jinai. Kwa hiyo anayemcharaza mtu viboko kwa tuhuma za zinaa ndiye anayetenda kosa la jinai.

Historia ya eneo hilo haibadilishi jambo. Baraza Kuu la Waislamu Uganda liliundwa mwaka 1972, chini ya Idi Amin, ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko. Hata wakati huo hudud hazikuingizwa katika sheria za jinai. Sudan, walikotoka wahenga wengi wa Wanubi wa West Nile, iliziingiza mwaka 1983 chini ya Jaafar Nimeiry, lakini huko nako zilipitia mahakama za dola.

Nafasi ya masheikh

Sheikh wa msikiti na kadhi wa wilaya wanabaki na kazi kubwa: kupatanisha wanandoa, kueleza mgawanyo wa mirathi, kunasihi waliokosea na kuhimiza msamaha. Aliyeibiwa au kujeruhiwa hupeleka shauri lake polisi; madai madogo husikilizwa na mahakama ya baraza la kijiji. Kutoa nasaha ni haki ya kila Muislamu. Kuadhibu si haki ya msikiti, ya ukoo wala ya mtu binafsi.