Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa

Mwaka 1972 ilianzishwa mjini Dar es Salaam Nyumba ya Sanaa, kwa juhudi ya Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll. Haikusimama kwa tamaa ya faida. Vijana walipata humo nafasi ya kujifunza kuchora, kuchapa na kuchonga, na pahali pa kuuza kazi zao. Maana ustadi usio na mnunuzi hauivishi chungu.

Miongoni mwa wasanii wake wa awali alikuwa Augustino Malaba, mchonga vinyago. Kwa wasita wake aliingia jamaa yake, George Lilanga, Mmakonde wa wilaya ya Masasi, aliyezaliwa mwaka 1934. Lilanga alikuwa akijua kuchonga tangu ujanani, walakini kazi aliyopewa kwanza ilikuwa ulinzi wa usiku. Nani, basi, angetangaza nafasi ya mlinzi akitumaini kumpata mchoraji?

Hapa ndipo nyumba ile ilipostahili sifa kuliko kwa majengo yake. Mshahara wa ulinzi ulimweka Lilanga karibu na rangi, na waliomwajiri hawakuona haya kumhamisha kutoka langoni hadi kwenye meza ya kazi. Mashetani wake wenye masikio makubwa na vinywa vilivyo wazi yalitoka katika mti yakaingia katika karatasi, vitambaa na ngozi za mbuzi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Kisukari kilimpotezea miguu, naye aliendelea kuchora hadi alipofariki mwaka 2005.