Kobe, hina na mabinti wa Herat

Leo tuweke kando liwa na udi kidogo, tuzungumze historia. Mafunzo ya kompyuta ya vitendo kwa wanafunzi wa skuli, yale ambayo mtoto anakaa mbele ya mashine akaandika programu yake mwenyewe badala ya kukariri majina ya vifaa ubaoni, yana umri wa zaidi ya miaka 50. Na mwanamke alikuwamo tangu mwanzo. Nataka mlijue hili, hasa nyinyi maharusi watarajiwa, maana karibuni inshallah mtakuwa nyinyi wa kuamua nani nyumbani apewe kompyuta na nani apewe ufagio.

Tuanze mbali kidogo. Kila programu ni mfuatano wa hatua, na jina la kitaalamu la mfuatano huo, algoriti, limetokana na jina la Muislamu: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9. Vitabu vyake vilipotafsiriwa kwa Kilatini, jina lake likageuka Algoritmi. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kitabu chake cha aljebra, sehemu kubwa ni hesabu za wasia na mirathi: mume apate ngapi, binti apate ngapi. Aljebra hii hii inayotutoa jasho skuli, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kumpa kila mrithi, mwanamke akiwemo, fungu lake kamili.

Sasa turuke mpaka mwaka 1967, mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kompyuta wakati huo zilikuwa mashine kubwa za maofisi na vyuo vikuu, na kumwachia mtoto aiguse lilikuwa jambo la kuchekesha. Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, pamoja na wenzao, wakatunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, na alikuwa amefanya kazi Geneva na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza namna watoto wanavyofikiri. Lakini mimi hadithi ya Bi Cynthia ndiyo naipenda. Aliwahi kuwa katibu wa Marvin Minsky, mtaalamu mkubwa wa kompyuta katika chuo cha MIT. Pale pale alipokuwa akichapa barua za watu, akajifundisha kuandika programu. Baadaye akafundisha watoto, akaendelea na masomo mpaka akapata udaktari wa Harvard.

Mwaka wa masomo wa 1968-69, Logo ilifundishwa kwa wanafunzi wa darasa la 7 wa skuli ya Muzzey, mji wa Lexington. Hawakuwa na skrini. Walikuwa na mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya wa simu na kompyuta iliyokuwa kwengine; unaandika amri, jibu linachapwa kwenye karatasi. Watoto wakatunga programu za kuchezea maneno na sentensi.

Halafu akaja kobe. Alikuwa roboti mdogo wa kutambaa sakafuni, mgongo wake kama bakuli lililofunikwa, na tumboni ana kalamu. Sisi wa visiwani tunajua tofauti ya kasa wa baharini na kobe wa nchi kavu, na huyu ni kobe hasa, kama wale wa Changuu. Jina hilo lilitoka kwa maroboti ambayo mwanasayansi Grey Walter aliyatengeneza Bristol, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtoto anamwambia kobe aende mbele hatua 100, ageuke kulia digrii 90, arudie mara 4. Kobe anatambaa, kalamu inachora, mraba unatokea sakafuni.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hina. Chukua mraba huo huo, mwambie kobe akishauchora ageuke digrii 45 na achore mwengine, mpaka itimie mara 8. Linatoka ua la pembe nane, lile lile unaloliona katikati ya kiganja cha bi harusi. Mpakaji hina mzuri hachori ua zima kwa pamoja. Anajua kijani kimoja na anajua mkono ugeuke kiasi gani kabla ya kijani kinachofuata. Ukimuuliza atasema mkono umezoea, naye kumbe anaendesha programu kichwani.

Papert alikuwa na jambo jengine alilolishikilia sana. Mtoto asiyejua kobe atachoraje duara aliambiwa asimame atembee mwenyewe: hatua moja ndogo, geuka kidogo, hatua tena. Mwili ukishajua, amri zinaandikika. Na kobe akienda kombo, mtoto hapigiwi msalaba mwekundu. Anaulizwa ni hatua ipi iliyompoteza, anaitafuta, anairekebisha, anajaribu tena. Papert aliyaandika haya katika kitabu chake Mindstorms, cha mwaka 1980. Mwaka 2007 wataalamu wa MIT wakatoa Scratch, mrithi wa fikra hizo, ambamo mtoto anapanga vipande vya amri kwenye skrini kama matofali.

Katikati yake lakini kuna jambo la kuhuzunisha. Mwaka 1984, huko Marekani, wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada za kompyuta. Baada ya hapo idadi ikaanza kushuka. Miaka hiyo kompyuta za nyumbani zilikuwa zikitangazwa kama vitu vya kuchezea wavulana. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher walipowahoji wanafunzi wa Carnegie Mellon miaka ya 1990, walikuta kwamba kompyuta ya familia mara nyingi iliwekwa chumbani kwa mtoto wa kiume. Wasichana walifika chuoni na akili zile zile, ila mikono yao haikuwa imezoea mashine. Hapa kwetu chumba si hoja, lakini angalieni watoto watatu wakipewa kompyuta moja, nani anashika mausi na nani anasimama nyuma kutazama.

Kuna mwanamke wa Herat, Afghanistan, aliyeanzia hapo hapo. Fereshteh Forough alizaliwa ukimbizini Iran, na mama yake alishona nguo akauza ili wanawe wapate vifaa vya skuli. Familia ikarudi Herat, Fereshteh akasomesha kompyuta chuo kikuu cha mji huo, na mwaka 2015 akaanzisha Code to Inspire, skuli ya kufundisha wasichana kuandika programu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama familia haitaki binti atoke kwenda kazini, kazi inaweza kumfuata nyumbani kupitia intaneti, akalipwa, na stara yake ikabaki. Mmoja wa wanafunzi akatengeneza mchezo wa simu kuhusu vita dhidi ya kasumba, kutokana na yale aliyoyaona kaka yake alipokuwa mkalimani wa jeshi.

Agosti 2021 Taliban wakaingia, na milango ya madarasa ikafungwa. Masomo yakahamia kwenye intaneti, na wasichana wakaendelea kuandika programu wakiwa majumbani, wengi wao katika nyumba ambazo skuli ya sekondari kwa binti ilikuwa imeshapigwa marufuku.